Orodha ya Visima na Jini wa Ofisini

Maskati, Alhamisi, baada ya alasiri.
Leo ni miaka thelathini na moja na miezi minne tangu nitoke Pemba.

Raya mwanangu,

Mama yako yumo chumbani mwako, anafungua sanduku kwa mara ya tatu ili alifunge upya. Mambo ya dawa, ya nguo, ya nani apewe kanga ipi, nimemwachia yeye. Mimi nimekaa na kalamu, nimesimama, nimekwenda dirishani, nimerudi. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za mwanzo zilianza na nasaha, nikazichana.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema mchana tukila. Ulisema, "Nikishuka Mkoani nikamwona Mzee Kombo, kabla hata ya shikamoo nitamuuliza: Mzee, jini wako yuko wapi?" Kaka zako wakacheka. Mama yako akacheka. Na mimi nikacheka, Raya. Nikamega mkate, nikachovya mchuzini, nikacheka. Kisha chakula kikanishinda, nikasema ni joto.

Usimuulize. Ningeweza kukuambia hilo mlangoni kesho, neno moja, nawe ungenitii. Lakini unakwenda kukaa Micheweni kwa shangazi yako Mkasi, unakwenda kufundisha kompyuta kwa watoto wa pale pale, na mtu atakayekupokea bandarini ni Kombo. Siwezi kukuacha ushuke na hadithi niliyokupa mimi.

Hadithi yenyewe umeisikia tangu hujaanza shule. Kombo, rafiki wa baba, mtu wa mzaha, alitia mchezo wake kwenye kompyuta ya ofisi, akafuta orodha ya visima, na Mkuu wa ofisi alipoifungua mbele ya wageni akakutana na jini. Kaka zako waliipenda sana sehemu ya jini. Yote yalitokea, isipokuwa jambo moja la katikati. Aliyefuta orodha si Kombo. Ni mimi.

Nimesimama tena hapa. Nimerudi.

Nitakueleza polepole, ingawa umesomea mambo haya kuliko mimi, kwa sababu mashine zile hukuziona. Hazikuwa na vijipicha vya kubofya. Uliwasha, ukapata skrini nyeusi na kijistari kinachopepesa kikikusubiri. Ukitaka programu, uliandika jina lake. Jina lisizidi herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu: EXE kwa programu yenyewe, DAT kwa yale inayoyasoma. Ofisini kwetu Wete, ofisi ya maji, ilikuwapo kompyuta moja, ya msaada, imefunikwa kitambaa cha maua kama mkate wa sherehe. Tulioruhusiwa kuigusa tulikuwa wawili, mimi na Kombo. Kazi yetu ilikuwa kuingiza orodha ya visima vya kaskazini.

Kombo ni mtu wa Kiuyu, huko huko upande wa Micheweni. Alizunguka kwa miguu, kisima baada ya kisima, akaandika kwenye kadi: kinaitwaje, kina pima ngapi, maji yake hugeuka chumvi mwezi gani, na kina mama wanatoka wapi kuja kuchota. Nchi ile ni ya mawe ya matumbawe, unaijua kwa picha. Kisima kimoja kitamu na kingine hatua chache mbele hakinyweki. Mambo hayo hayakuwamo kwenye kitabu chochote. Yalikuwa kwenye vichwa vya wanawake, na Kombo ndiye aliyekwenda kuwauliza. Tukishaingiza kadi, Mkuu aliagiza zitolewe ofisini, maana sasa tuna kompyuta. Wiki iliyofuata nilinunua njugu sokoni zikiwa zimefungwa kwa kadi ya kisima cha Kiuyu.

Katika diski zilizokuja na mashine mlikuwamo mchezo mmoja wa maneno matupu. HOUSE.EXE na HOUSE.DAT. Skrini inakuambia umesimama mbele ya jumba bovu, nawe unaandika: nenda kaskazini, fungua mlango, chukua taa. Tuliucheza saa za chakula, wawili tukigawana kiti kimoja. Baada ya muda tukagundua kwamba programu ile haikuwa hadithi. Ilikuwa mkalimani tu: inakaa baina yako na hadithi, inalisoma lile faili la DAT, inakuambia ulipo, inasikiliza unachotaka. Na ilikuwa na tabia moja ya ajabu. Ilitazama jina lake yenyewe ndipo ijue ifungue hadithi gani. Ukiitolea nakala ukaiita KIUYU.EXE, itatafuta KIUYU.DAT. Ukiiita kitu kingine, itatafuta hicho kingine, na haitauliza kama ndicho.

Hilo la majina niligundua mimi, nikavimba kichwa siku nzima.

Kombo yeye alikuwa mtu wa kujaribu. Aligundua kwamba baada ya jina la programu unaweza kuacha nafasi, ukaweka mkwaju, kile kistari cha mshazari, na herufi moja, na mashine ikabadili mwenendo. Alichukua daftari la shule akaandika A mpaka Z, akazijaribu zote, akijaza mbele ya kila moja. M iliondoa rangi. S ilinyamazisha milio. R iliweka kila neno uliloandika kwenye faili la pembeni. H ilikuruhusu kutaja mwenyewe faili la hadithi, jina lolote, popote lilipo.

"Na K?" nilimuuliza.

"K haina kazi, yakhe. Kama mwenyewe."

Kisha akaandika hadithi yake. Alifungua lile DAT, akaona sentensi za Kizungu zimekaa wazi, akazibadilisha moja moja kuwa za kwetu, kila moja isizidi urefu wa ile aliyoiondoa. Ndiyo sababu jini wake alikuwa na maneno machache. Jumba bovu likawa ofisi yetu. Ndani yake amekaa jini juu ya kiti cha kuzunguka, na huwezi kupata kitu chochote, hata maji ya kunywa, mpaka umletee barua. Kila aliyefanya kazi pale angemtambua. Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta.

Mkuu akajifunza amri moja, ile ya kuorodhesha mafaili. Akawa anakuja nyuma yetu na kuiandika kwa kidole kimoja. Siku moja akaliona jina asilolijua. Akasema lolote lisilo la ofisi atalifuta kwa mkono wake. Kombo alinivuta nje.

"Tuipe jina la kipuuzi tu," alisema. "SAA, au TAKA. Kisha uifungue kwa mkwaju H, uiambie hadithi iko wapi. Majina ya ofisi usiyaguse."

"Atauliza SAA ni nini."

"Basi tuifute. Miye n'nayo kwenye diski nyumbani."

"Nna njia bora," nikamwambia.

"Vije?"

"Utaona."

Ijumaa ile Kombo aliomba ruhusa, alikuwa na hitima kwao. Nilibaki peke yangu. Njia yangu bora ilikuwa hii: programu ya visima iliitwa ORODHA.EXE na faili lake ORODHA.DAT. Nitaupa mchezo jina hilo hilo, nitauweka kwenye folda yetu ya pembeni, na Mkuu akiona ORODHA atapita. Kompyuta haikatazi majina mawili sawa yakikaa folda mbili. Nilikuwa na haraka ya kuwahi msikitini. Nilidhani nimo ndani ya folda yetu. Kumbe nilikuwa bado nimesimama ndani ya folda ya ofisi. Nikaandika amri mbili za kunakili. Mashine zile hazikuuliza una hakika. Ziliandika juu ya kilichokuwapo, zikajibu kwamba mafaili yamenakiliwa, na nikazima nikatoka, nimeridhika na nafsi yangu.

Ningeandika neno moja la kuuliza niko folda gani. Ningetumia ile H ya Kombo. Mambo haya nimeyapitia mara nyingi kuliko aya ninazozihifadhi, na kila mara nafika mlangoni mwa msikiti kwa wakati.

Jumatatu wakaja wageni, mafundi wa kuchimba visima. Walikuja kuchagua vijiji vya kuanzia, na orodha yetu ndiyo ingewaongoza. Sisi wa ofisini tulipangwa ukutani, wenye mashati yaliyopigwa pasi. Mkuu alikaa mwenyewe kwenye kiti, akaandika ORODHA, akabonyeza.

Skrini ikasema: UMESIMAMA MBELE YA OFISI. NDANI YUMO JINI. ANATAKA BARUA.

Mgeni mmoja akaomba atafsiriwe. Mkuu, Mungu amrehemu, akaandika: toka. Skrini ikajibu: HUTOKI BILA BARUA. Akaandika: futa. Skrini ikajibu: JINI HAFUTIKI. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka puani, na hapo ikawa imekwisha.

"Kombo!"

"Naam, Bwana Mkuu."

"Kazi ya nani hii?"

"Hadithi yangu."

"Na orodha iko wapi?"

Kombo aliangalia skrini. Kisha akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayengoja mwenzake ambaye zamu yake imefika. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sijui ilikuwa ndefu kiasi gani. Ilitosha feni ya juu kuzunguka na kuzunguka. Nilitazama kiatu changu cha kushoto, kamba yake ilikuwa imekatika nikaifunga fundo, na nikalisoma lile fundo kama barua.

"Sijui, Bwana Mkuu," akasema Kombo.

"Hujui! Umetia jini lako kwenye mali ya serikali, hujui!"

Nakala ya akiba ilikuwapo, kwenye diski iliyofungiwa kabatini, lakini ilikuwa ya kabla hatujaingiza Kiuyu. Kadi zilikuwa zimekwisha fungiwa njugu. Wageni walikuwa na siku mbili tu. Walichagua vijiji vilivyokuwamo. Kiuyu haikuwamo. Kombo alifukuzwa wiki ile ile, na kina mama wa kwao waliendelea kwenda mbali na ndoo kwa miaka mingi, wakijua kabisa ni kijana gani wa nyumbani aliyewapoteza kwa ajili ya mchezo. Wakamwita Kombo Jini. Mpaka leo. Shangazi yako Mkasi aliponiambia kwa simu, "Usiwe na wasiwasi, Kombo Jini atampokea," alilisema kama jina la kawaida.

Mimi nilikaa ofisini miezi minane zaidi. Nilikuwa na mama yangu kitandani, nikajiambia ni kwa ajili yake. Alipofariki sikuwa tena na wa kumsingizia, nikaondoka, Tanga kwanza, kisha huku. Na huku, Raya, ndiko nilikofanya lile ninaloliona baya zaidi. Mwanzoni tulikuwa Wapemba sita chumba kimoja, na jioni kila mtu anatoa kisa cha nyumbani. Nikatoa cha jini. Kwa mara ya kwanza nikasema kwa mdomo wangu kwamba Kombo ndiye aliyefuta. Pale ofisini nilikuwa nimenyamaza tu. Pale chumbani nilitunga. Walicheka sana. Mara ya pili nikakinogesha. Mlipozaliwa ninyi kilikuwa kimekwisha iva, kina mahali pake pa kusitisha sauti na mahali pa kugonga meza. Nimekuwa nikimtumia mtu yule kuwachekesha watoto wangu.

Nilidhani kunyamaza ni jambo la mara moja, linapita. Nimeona kwamba linataka kazi. Lazima ujue nani alikuwapo, nani alisikia nini, usimpigie nani simu, safari gani uiahirishe. Nilisoma vitabu vingi sana katika miaka hii, unajua. Mama yako husema nimeoa rafu. Nadhani vingi nilivisoma ili nisikae bure na akili yangu.

Mama yako ameingia sasa hivi kuuliza kama nimeona kufuli dogo. Nimeifunika karatasi kwa kiwiko. Yeye pia hajui. Nitamwambia ukishaondoka.

Leo baada ya adhuhuri, chakula kiliponishinda, nilichukua namba kwa Mkasi nikampigia Kombo. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu Wete. Alikuwa anatengeneza simu ya mtu, nilisikia redio na watu nyuma yake.

"Nani?"

Nikamtajia.

"Yakhe!" akasema. Akawaambia waliokuwapo wapunguze redio. "Binti nitampokea, usijali. Nimeshamwambia mke wangu apike. Anakula pweza, au mmemlea kwa tende tu?"

"Anakula. Kombo, orodha ile niliifuta mimi."

Nikasikia akiweka kitu mezani. Kisha akasema, "N'najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu pale pale. Alhamisi niliifunga orodha ikiwa nzima, bwana. Ijumaa ulibaki weye peke yako. Miye Ijumaa nilikuwa nakula pilau ya hitima na watu arubaini. Ungekuwa weye usingejua?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja useme weye. Kisha nikaona mamako yu mgonjwa, na kazi ilikuwa moja baina yetu sote wawili. Miye n'na ndugu. Weye ulikuwa na Mkasi tu, naye mtoto." Akacheka kidogo. "Sikujua kwamba nitangoja mpaka nikawa na meno ya bandia."

Nikamwomba radhi. Akanipa, pale pale, bila kupima maneno. Nikaanza kumshukuru, akanikata.

"Yangu nimekupa. Ya Kiuyu siwezi kukupa, si yangu. Wajukuu zangu wanaitwa wajukuu wa Jini, chuoni wanakosoma Kurani. Njoo. Ijumaa moja tu. Akitoka imamu kwenye sala, usimame, useme: ni mimi. Watakasirika mpaka alasiri, kisha watakupa chakula. Si unajua wenyewe walivyo?"

"Nitaandika barua isomwe."

"Barua!" akasema. "Yakhe, jini ndiye anayetaka barua. Watu wanataka kuona uso."

Nilicheka. Hata yeye alicheka. Kisha nikasema nitafikiri, na akasema haya, salimia nyumbani.

Nimekuwa nikifikiri tangu saa hiyo mpaka sasa. Ndiyo maana unanisikia nikitembea.

Najua desturi ile vizuri. Nimeiona nikiwa mdogo, Micheweni. Mtu aliyeuza shamba la yatima alisimama baada ya sala, kofia mkononi, akasema alilofanya. Wazee walitazama chini. Mmoja akalia kwa hasira. Kisha yule mzee aliyekuwa wa mwisho kusema akasema, "Tumesikia. Kaa." Na akakaa, katikati ya safu, akabanwa mabega na watu kushoto na kulia. Nakumbuka nilidhani ndiyo adhabu, kukaa karibu na watu namna ile.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi nyingine, imekunjwa peke yake. Nimeandika kurasa mbili: nani alifuta, siku gani, kwa namna gani, na kwamba Kombo hakuwapo. Nimeweka jina langu kamili, la baba yangu na la babu yangu, wasije wakasema ni mwingine. Mpe Kombo mkononi mwake. Atakaloamua kuifanyia ni lake. Usiisome wewe mbele ya watu, hata wakikuomba, hata ukiona inafaa. Si kazi yako, na sitaki usimame mahali pangu. Wakikuuliza wewe ni binti ya nani, sema kweli, na wakikasirika waache wakasirike. Watakucheka Kiswahili chako cha Maskati kwanza. Hilo litakuwa limepunguza hasira kidogo.

Na kama hutaki kuibeba, iache juu ya meza kesho asubuhi. Nitaituma kwa njia nyingine na sitakuuliza kitu.

Hapa mwanzoni nilikuwa nimekuandikia sababu zangu, nikazifuta kwa wino, utaona doa. Niliandika magoti. Magoti yangu yanafika sokoni na kurudi kila siku. Niliandika pasi ya kusafiria. Pasi ninayo, imo droo ya juu, bado haijaisha muda. Niliandika nauli, na kaka yako alikwisha kuninunulia tiketi mwaka juzi, nikasema nina homa. Daktari hajanikataza. Mama yako angefurahi. Kombo atanipokea, na najua hata mahali atakaposimama. Kila kitu kipo.

Nilijaribu hata kuvaa kanzu, Raya, saa moja iliyopita, mlango umefungwa. Nikasimama mbele ya kabati nikajaribu kulisema lile neno kwa sauti, kama nimo kwenye safu. Nilifika kwenye jina la Kombo. Nikavua.

Anangoja jibu langu. Nimelipachika majina ya kila namna ili lisiwe lenyewe, na wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa lilivyo. Nimeogopa kwa muda mrefu mpaka siwezi tena kufanya lililo dogo kuliko woga wenyewe. Nenda, mwanangu. Mwambie Kombo kwamba asiningoje.

Mimi sitarudi.

Baba yako